Namna ya kuendesha mradi wa maji na usafi kijijini bila kuuacha ufe

Mradi wa maji huanza kufa mapema kuliko wengi wanavyodhani, mara nyingine kabla mtambo wa kuchimba haujafika, kwa sababu wanakijiji wamekubaliana mahali pa kisima bila kukubaliana ni nani atakayenunua mipira ya ndani ya pampu itakapochakaa. Kwa hiyo anzeni na fedha na watu wa kuzisimamia, uchimbaji ufuate.

Kwa vijiji vya Tanzania, pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo wanapochaguliwa viongozi wa chombo cha kutoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kinachosajiliwa chini ya usimamizi wa RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Wachagueni wanawake, na si kwa ajili ya kutimiza idadi tu: anayebeba ndoo kila alfajiri ndiye wa kwanza kugundua kwamba mkono wa pampu umeanza kulegea.

Kisha pigeni hesabu mbele ya wote. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ililenga kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250 wasiokaa mbali zaidi ya mita 400, kila mmoja akipata lita 25 kwa siku. Kaya 50 za watu watano watano zitahitaji takriban ndoo 300 za lita 20 kila siku. Mkikubaliana shilingi 20 kwa ndoo, hizo ni shilingi 6,000 kwa siku, yaani 180,000 kwa mwezi, ambazo zitamlipa mhudumu wa kituo kiasi fulani na zinazobaki ziwekwe benki kwa ajili ya vipuri. Amueni pia, siku hiyohiyo, kuhusu wazee na wagonjwa wasioweza kulipa, kwani jambo hilo likiachwa kwa mhudumu litaleta ugomvi. Mapato na matumizi yasomwe katika kila mkutano, hata kama hayapendezi masikioni. Uzinduzi wa kisima hukatiwa utepe. Mpira uliobadilishwa hakuna anayeukatia utepe, ila ndio unaotoa maji.

Kisima kiwe umbali wa angalau mita 30 kutoka choo chochote, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Kizungushieni sakafu ya zege yenye mfereji wa kupeleka mbali maji yanayomwagika, na mifugo inyweshwe kando.

Maji yaliyotoka safi kisimani huweza kuchafuka kabla hayajafika mdomoni: katika dumu lililoota utelezi, katika mtungi usio na mfuniko, au kwa kikombe kinachochovywa pamoja na vidole. Wafundisheni watu kusugua madumu kwa sabuni na kuchota kwa kata yenye mpini mrefu. Kwa maji ya kunywa yenye mashaka, yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemsheni hadi yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 kwa vijiji vilivyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama vile baadhi ya vile vya Makete. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo cha pakiti na asubiri dakika 30.

Mikono nayo ioshwe penye choo. Kibuyu chirizi hakigharimu kitu: dumu la lita 5 linatobolewa tundu dogo karibu na mdomo, linaning'inizwa kwenye kijiti kati ya nguzo mbili, na kamba kutoka shingoni mwake inafungwa kwenye kanyagio la mti, ili mtu alikanyage bila kushika chochote. Sabuni itobolewe na kufungwa pembeni. Kazi ngumu ni kulijaza kila siku, hivyo kila kaya imtaje mtu mmoja wa kulijaza, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapopita aulize jina lake na kuangalia kama dumu lina maji.