Kutoa "u" ya Kifaransa kwa watoto wa primari
Walimu wenzangu mnaofundisha watoto Kifaransa, wakisema "tu" (wewe) ikatoka kama "tout" (yote, ambayo ina sauti ya u ya Kiswahili) msiwarudishe rudishe tu, waambieni wavute "iiii" ndefu alafu bila kusogeza ulimi wakunje midomo kama wanapiga mluzi (asiyejua mluzi apulize mshumaa), inatoka yenyewe kwa sababu ulimi unabaki mbele kama wa "i" na midomo ndo inakuwa duara. Wapimeni na "dessus" na "dessous", yaani juu na chini, mkono juu ya dawati au chini yake, wanaipenda kweli! Inagoma wakisoma ubaoni, wakiona herufi u wanarudi kwenye u ya Kiswahili, kwa hiyo kwanza mdomo siku kadhaa, maandishi baadaye.