Kabla hujazunguka Sinza: maandalizi ya mgeni wa mtaa

Ukisema umehamia Sinza, hapa Dar es Salaam, swali la kwanza utakaloulizwa ni "Sinza ipi?" Uwe na jibu kabla hujatoka nje. Kuna Makaburini, Kijiweni, Mori, Palestina, Legho, Afrikasana, Kumekucha, na dereva wa bodaboda asiyeambiwa vizuri atakushusha mbali na kwako saa 4 usiku. Namba ya nyumba haimsaidii mtu hapa. Simama mlangoni kwako mchana, tafuta alama zisizohama, kama msikiti, kanisa, shule au zahanati, kisha jizoeze kuelekeza nyumba yako kwa sentensi moja. Kibanda cha chipsi usikihesabu, kwa sababu asubuhi hakipo.

Jambo la pili ni njia ya kupita. Wageni wengi wanashika Barabara ya Shekilango tu, kwenye taa na mabango, wakaamini ndiyo Sinza yote. Sinza ilipimwa viwanja vya makazi miaka ya 1970, na baadaye wenye nyumba wakaanza kutoboa fremu za maduka kwenye kuta za mbele. Ndiyo maana fundi cherehani mzuri, duka la dawa na mwenye mashine ya kusaga unawakuta ndani ya mitaa, katikati ya mageti ya watu. Wiki ya kwanza tembea kwa miguu mitaa mitatu kila upande wa nyumba yako, mara moja asubuhi na mara moja jioni, kwa sababu wauzaji wa jioni ni wengine kabisa.

Kabla ya kutoka, vunja noti ya 10,000. Beba noti za 1,000 na 2,000 pamoja na sarafu, maana muuza vitumbua wa saa 12 asubuhi hana chenji, na ukimlazimisha akuachie mzigo ukatafute chenji, umemharibia biashara. Wenye lipa namba, ya kulipia kwa simu, ni wengi siku hizi, lakini kwenye genge dogo uliza kwanza kabla hujafungiwa nyanya. Beba na kikapu chako. Mifuko ya rambo, yaani ya plastiki, ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na kununua mfuko mbadala kila siku ni fedha inayopotea bila kuiona.

Kwenye chakula ndipo nataka usikilize zaidi, kwa sababu ndipo nilipoumia. Nilitoka Iringa, sikumjua mtu, na wiki ya kwanza nilikula kila usiku kwenye ukumbi mmoja wa barabarani. Bei haikuandikwa popote, nami niliona haya kuuliza. Kufika tarehe 12, fedha ya chakula ya mwezi mzima ilikuwa imebaki robo. Uliza bei kabla hujakaa. Kwenye nyama choma uliza bei ya kilo, chagua kipande, kipimwe kikiwa kibichi mbele yako, ndipo kiende jikoni. Hakuna muuzaji wa maana anayechukia kuulizwa.

Jirani ndiye aliyenipeleka kwa mama lishe nyuma ya gereji. Masufuria matano juu ya benchi, yamefunikwa kwa sinia. Aliinua sinia ya kwanza, maharage bado yanatokota. Ya pili, mchicha wa nazi. Ya tatu, dagaa. Pembeni ndoo ya koki ya kunawia, na sabuni imefungwa kwenye kipande cha wavu ili isipotee. Nilitazama mabeseni mawili ya kuoshea vyombo. Maji ya suuza yalipoanza kuwa na ukungu, aliyamwaga bila kuambiwa na mtu. Hayo mabeseni ndiyo ninayotazama mpaka leo popote ninapokwenda kula mara ya kwanza. Halafu natazama saa: supu ifuate mapema, kabla ya saa 3 asubuhi, na wali ufuate saa 6 na nusu, ukiwa umetoka jikoni. Anayekuja saa 9 anakula kilichobaki.

Kama huli kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, uliza wazi kama jiko na kisu ni vya pamoja. Ukihamia karibu na Ramadhani, jua kwamba wapishi wengi wa mchana watafunga biashara na mtaa utaamka jioni kwa futari, hivyo weka akiba ya chakula cha mchana nyumbani.

Kwenye genge, jifunze vipimo kabla ya kujifunza bei. Nyanya na vitunguu huuzwa kwa fungu, maharage na mchele kwa kilo, na sokoni utakutana na sado, kindoo cha kupimia. Fungu la bei ileile linaweza kuwa na nyanya tano hapa na nne kule, kwa hiyo hesabu. Chagua genge moja na duka moja, nunua hapo kidogo kidogo kila siku, salimia, sema unakokaa. Watu wa dukani wakishakufahamu, watakupokelea mzigo, watakwambia fundi bomba yupi hana maneno mengi, na siku umeme ukikatika ukiwa huna hata mshumaa watakupa ukalipe kesho. Usisubiri shida ndipo ujitambulishe.

Ukihamia Januari au Februari, uliza majirani njia ipi hupitika masika, Machi hadi Mei. Duka zuri lililo ng'ambo ya mtaro unaofurika si duka lako.

Masoko makubwa yasubiri mwezi wa pili, ukishajua bei za mtaani, la sivyo hutajua kama umepunguziwa. Ndizi na matunda ya jumla nenda Mabibo. Samaki, panda basi la mwendokasi pale Shekilango mpaka Kivukoni, mwisho wa njia, utembee hadi soko la samaki la Feri alfajiri wakati wa mnada. Nenda na mtu anayejua kutazama jicho na shavu la samaki, beba ndoo yenye mfuniko, na tenga nauli ya usafiri wa kukodi wa kurudia, kwa sababu samaki mbichi hawapandi nawe kwenye basi lililojaa watu wanaokwenda kazini.