Unataka kujaribu mmea kwa dipresheni? Anza na dawa ambazo tayari unatumia

Nairobi ukisema tu umelemewa na mawazo utaelekezwa kwa mitishamba kabla hujamaliza sentensi, na si vibaya kuuliza, kuna mimea imefanyiwa utafiti wa ukweli, lakini kuna mpangilio wake.

Kwanza jiangalie. Kama huli, hulali, kazi imekushinda ama unawaza kujiua, wachana na mimea kabisa, juu hata ile nzuri huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, ama uende hospitali ya Mathari au Kenyatta leo leo, na usiende peke yako. Haya mengine ni ya dipresheni ambayo haijafika huko.

Mmea wenye ushahidi mwingi ni St John's wort. Mwaka wa 2008 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kukagua utafiti wa matibabu, walijumlisha majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489, wakapata unashinda tembe za kujaribia zisizo na dawa ndani na unakaribiana na dawa za kawaida za dipresheni. Kwa majaribio mengi watu walipewa karibu mg 900 za ekstrakti, yaani dondoo la mmea, kwa siku, mg 300 mara tatu. Kwa hivyo ukifika famasi geuza chupa usome nyuma, kama imeandikwa tu unga wa mmea bila kiwango cha haiperisini, kemikali moja ya mmea huo, irudishe.

Sasa hapa tafadhali soma polepole. Ndani ya huo mmea kuna kemikali ingine, haipaforini, nayo huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, so dawa zako zingine zinaisha mwilini kabla hazijafanya kazi. Uko na implanti ama vidonge vya kupanga uzazi? Unaweza kushika mimba. Unatumia ARV? Dolutegravir, moja ya hizo ARV, inashuka mwilini na virusi vinapata nafasi. Warfarin, ya kuzuia damu kuganda, inashuka pia. Ukiuchanganya na fluoksetini ama dawa ingine ya dipresheni, serotonini, kemikali ya ubongo, inaweza kupanda kupita kiasi, unatetemeka, unatoka jasho, moyo unaenda mbio, hiyo ni emajensi. Mwenye baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, mmea unaweza kumpandisha vibaya.

Inaniuma sana vile watu huficha hizi vitu wakifika kliniki. Beba chupa yenyewe, iweke mezani na tembe zako zote, useme daktari nataka kuanza hii na natumia hizi, na utaje implanti, juu mtu akiulizwa dawa hufikiria tu zile za kumeza.

Zafarani nayo imejaribiwa, sana sana Iran, mg 30 kwa siku, majaribio ni madogo lakini yanatia moyo. Ukinunua Eastleigh weka nyuzi chache kwa maji: ya ukweli hutoa rangi ya manjano polepole na uzi unabaki mwekundu, feki hutoa rangi mara moja halafu uzi unapauka. Kama uko na mimba usiitumie kama dawa.

Manjano ya jikoni usiitegemee kwa hii kazi, kurkumini, ile kemikali yake inayosifiwa, ni kama asilimia 3 tu ya unga na mwili hauinyonyi vizuri. Mukombero, ule mzizi wa kutafuna wa kule Kakamega, umeonyesha kitu maabara, una vitu vinavyoshika protini inayorudisha serotonini ndani ya seli za neva, lakini hiyo ni maabara, watu ni kitu ingine. Tafuna kama unaupenda.

Ukikubaliwa kuanza, anza mmea mmoja pekee, uandike tarehe na vile unalala na kula. Wiki 6 zikiisha na hakuna tofauti, rudi kwa daktari, usiongeze dozi. Ukiacha St John's wort ini linaweza kuchukua hadi wiki 4 kutulia, so kama unategemea implanti ama vidonge, tumia kondomu hadi hizo wiki ziishe. Na kama unatoka kwa fluoksetini, hiyo hukaa mwilini hadi wiki 5, tarehe ya kuanza mmea apange daktari.