Majibu ya mama yamesema "hatua ya sifuri": kabla hujatuma hela Dodoma

Dada anapiga simu usiku akilia: mama amekutwa na kansa ya titi. Hujakaa sawa, group la familia limeshafungua mchango wa kumpeleka India. Ngoja kwanza. Omba ripoti ya patholojia, yaani majibu ya kile kinyama kilichochukuliwa kwenye titi, ipigwe picha kurasa zote. Maelezo ya shemeji hayatoshi.

Ukikuta DCIS peke yake, ndiyo hiyo "hatua ya sifuri": maana yake seli za saratani zimo ndani ya mirija ya maziwa na hazijatoboa kuta zake. Nyingine zikiachwa huja kupenya, nyingine hukaa hivyohivyo miaka, na kwa kuwa ya mama haijulikani ni ipi, hutibiwa. Ila si ya kukimbizana. Wiki kadhaa za kuuliza hazimpunguzii mama kitu. Dripu za kansa hazitumiki kwa DCIS tupu. Akizitaja mtu, muulize kaona nini kwenye ripoti.

Kuna kutoa sehemu yenye tatizo halafu kupiga mionzi, au kutoa titi lote. Kwa urefu wa maisha, njia hizi hazipishani. Mionzi hupunguza kwa kama nusu uwezekano wa ugonjwa kurudi kwenye titi lililobaki, na si jambo dogo, kwani karibu nusu ya zinazorudi huwa zimeshapenya.

Sasa piga hesabu ya Dodoma. Upasuaji mnaweza kuujadili na madaktari wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, lakini mionzi ikiwa ya taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni siku tano kwa wiki, wiki tatu na kuendelea. SGR imefupisha safari tangu 2024, sawa, lakini hakuna anayepanda treni kila asubuhi kwenda kupigwa mionzi. Bajeti yako ni pa kulala, chakula na mtu wa kumsindikiza.

Mama yangu mdogo wa Hombolo alichagua kutoa titi lote. Ilikuwa Agosti, zabibu zinasubiri kuvunwa. "Nikakae Dar mwezi, shamba nimwachie nani?" Sisi tulio mbali tulibishana naye wiki nzima, tukipigania titi ambalo si letu.

Akichagua kama yeye, ulizeni mapema kuhusu kupima tezi za kwanza za kwapani siku hiyohiyo ya upasuaji. Titi likishaondoka, kipimo hicho ni kigumu. Akitolewa sehemu tu, ulizeni kama kingo za kinyama kilichokatwa ni safi, hazina seli za saratani, angalau kwa milimita 2. Kwenye ripoti tafuteni pia gredi (ukali wa seli zinavyoonekana) na ER (kama seli zina vipokezi vya homoni ya estrojeni): ER ikiwa chanya, daktari anaweza kupendekeza vidonge kama tamoksifeni kwa miaka 5.

Na vile vioo vya hadubini na vipande vya sampuli ya kinyama, maabara ivitunze. Mkitaka jicho la mtaalamu mwingine, hata wa nje, hivyo ndivyo vya kupakiwa kwenye ndege, mama abaki nyumbani.