Namna ya Kumwandaa Mwalimu Tarajali kwa Darasa Lenye Watoto wa Kila Namna

Mwalimu anayehitimu chuo cha ualimu nchini Tanzania hajui atapangiwa kituo gani. Aliyekulia Moshi anaweza kujikuta Chunya, Kilwa au Ngorongoro, mbele ya watoto ambao nyumbani hawazungumzi Kiswahili na ambao adabu zao hazifanani na alizolelewa nazo yeye. Nchi ina makabila zaidi ya 120, na hakuna chuo kitakachofundisha mila za yote, wala haja hiyo haipo. Kinachowezekana, na ambacho mkufunzi anaweza kukianza muhula huu bila kusubiri mtaala mpya, ni kumzoesha mwanachuo kumsoma mtoto aliye mbele yake na kulirekebisha somo kulingana na alichokiona.

Anza na andalio la somo. Mihadhara ya kuheshimiana huitikiwa vizuri, mtihani wake hufauliwa, na mambo huishia hapo. Chukua andalio ambalo mwanachuo amekwisha kuliandika, tuseme la Hisabati darasa la tatu, kisha umweleze kwamba darasani mwake yumo mtoto mwenye ualbino, na umuulize atabadilisha nini. Wengi watajibu kwamba watamketisha mbele. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi, kwa sababu uoni hafifu unaoambatana na ualbino unatokana na namna jicho lenyewe lilivyokua, hivyo miwani husaidia kwa kiasi tu, na mwanga mkali humuumiza. Mtoto aliyeketishwa mbele akitazamana na dirisha lenye jua anaweza kuona vibaya kuliko alipokuwa safu ya tatu. Andalio lililofikiriwa litaonyesha kwamba ataketi mahali jua halimpigi machoni, kwamba mwalimu atatamka kila anachokiandika ubaoni na kukiandika kwa herufi kubwa, kwamba mtoto ataruhusiwa kusogea hadi ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara, kwamba atavaa kofia wakati wa paredi na michezo, na kwamba karatasi yake ya mtihani itachapwa kwa maandishi makubwa. Katika darasa la watoto 80, kutamka kinachoandikwa kutawafaa pia walioketi nyuma kabisa.

Rudia zoezi hilo kwa mtoto asiyesikia vizuri, ambaye hupoteza nusu ya somo kila mwalimu anapozungumza akiwa ameuelekea ubao. Asitokee mwanachuo wa kusema kwamba hiyo ni kazi ya wahitimu wa Patandi, chuo cha elimu maalumu kilichoko Arusha: wahitimu hao hawawezi kuwa katika kila shule, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyo kusoma katika shule ya kawaida.

Hatua inayofuata ni ngumu zaidi kwa kuwa inamgusa mwanachuo mwenyewe. Waombe waandike kwao mtoto mwenye adabu anafanyaje: anaamkiaje, anamtazama mkubwa usoni au anainamisha macho, anajibu mara moja au anasubiri. Kisha wasomeane. Mtoto wa Kimaasai humwinamishia mtu mzima kichwa ili amguse utosini, na mwalimu anayesubiri “shikamoo” pekee anaweza kumhesabia ujeuri mtoto ambaye tayari amemwamkia kwa heshima zote. Naamini adhabu nyingi za siku za kwanza za ajira hutokana na mambo ya namna hii kuliko utundu. Vivyo hivyo kwa matamshi: mtoto anayechanganya l na r kwa sababu ya lugha ya nyumbani asipunguziwe alama za Sayansi.

Kabla ya mazoezi ya kufundisha, mwanachuo aende na maswali machache kwa mwalimu mkuu na kwa wazee wa kijiji. Watoto wanatembea umbali gani? Ni miezi gani huenda kuchunga? Ramadhani inapoingia, michezo ya mchana huwaje? Asiwaulize watoto makabila yao mbele ya darasa, wala asimsimamishe mtoto aeleze ulemavu wake. Hayo huulizwa faraghani, na mara nyingi mzazi ndiye wa kuulizwa.

Mwisho, ongeza kipengele kimoja katika fomu ya tathmini: ni jambo gani katika somo hili lilibadilishwa kwa ajili ya mwanafunzi fulani, na kwa nini? Mwanachuo aliyebanwa na muda hufanya kinachopewa alama, kwa hiyo kipengele hicho kiwe na alama za kutosha. Wakirejea chuoni, kusanya maandalio yaliyorekebishwa, futa majina ya watoto, na uyaweke maktaba ili wanaofuata wayatumie.