Kabla Hujapigwa Eksirei ya Kifua

Ukiandikiwa eksirei ya kifua, huenda unawaza mapafu na moyo tu. Sisi wa chumba cha mionzi tunawaza mifupa, maana ndiyo inayovifunika. Jozi 12 za mbavu, mitulinga miwili, ile mifupa itokayo chini ya shingo hadi mabegani, makombe ya mabega, kidari katikati na pingili 12 za uti wa mgongo nyuma yake. Hatuwezi kukuvua mifupa, kwa hiyo sehemu kubwa ya maagizo utakayopewa ni ya kuisogeza pembeni.

Vaa nguo ya vipande viwili, si gauni, ili ya juu ivuliwe bila tabu. Cheni, pini za ushungi, sidiria yenye vikulabu na hirizi ya shingoni, vyote vitoke. Wanaosahaulika ni wenye misuko. Rasta ndefu zikiangukia mabegani hutoa mistari juu ya mitulinga, palepale vilipo vilele vya mapafu, na huko juu ndiko kifua kikuu cha watu wazima hupenda kukaa. Zifunge utosini kabla hujaingia. Kama una mimba, au unahisi tu, sema kabla mashine haijawashwa. Picha za zamani zibebe hata kama zimekunjamana: ubavu uliowahi kuvunjika ukaunga huacha kinundu, na picha ya zamani ndiyo itakayoonyesha kwamba kinundu hicho si kigeni.

Ndani utaegemeza kifua kwenye ubao, viganja kiunoni, viwiko vimesukumwa mbele. Mkao huu unachosha, lakini ndio unaoyatoa makombe ya mabega juu ya mapafu. Mwenye bega lililokakamaa aseme mapema, tutatafuta njia nyingine. Simama wima, usijipinde. Tukishapiga, tunatazama ncha za ndani za mitulinga: zikiwa na umbali sawa kutoka mstari wa katikati wa uti wa mgongo, ulisimama vizuri. Zikitofautiana, moyo nao utaonekana kama umehama.

Pumzi ndiyo ya kufanyia mazoezi nyumbani. Vuta hadi mwisho, ishike sekunde chache. Mbavu huinuka na kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, hushuka. Tunapenda kuhesabu kama mbavu 10 za nyuma juu ya kiwambo. Nusu pumzi hubana mapafu chini yakaonekana meupe kama yenye nimonia, na moyo hujitanua bure.

Aliyeanguka na kuumia ubavu aonyeshe kwa kidole kimoja panapouma, si kwa kiganja kizima. Ufa mdogo usiohama hujificha kirahisi katika picha hii, hivyo picha safi haimaanishi hujavunjika. Daktari anaangalia zaidi kama ubavu umetoboa pafu. Mbavu za 11 na 12, zisizoshikana na kitu chochote mbele, ziko chini sana na pengine zikahitaji picha yake.

Ukionyeshwa picha, usishtuke kuona mbavu zimekatika mbele kabla ya kufika kwenye kidari. Hapo pana gegedu, kitu kigumu kidogo kinachopindika kama cha sikioni, nayo haionekani mpaka umri uiwekee chokaa. Kidari chenyewe hufichwa na uti wa mgongo. Anayekitaka atakuomba picha inayopigwa kutoka upande.