Jinsi ya kuandaa prezentesheni ya mwisho ya kozi ya grafiki dizaini

Wengi wanaomaliza kozi ya grafiki dizaini wanafika kwenye prezentesheni ya mwisho wakiwa wamechoka tayari, kazi imeisha juzi usiku, usingizi hamna, wanachukua mafaili wanayapachika kwenye slaidi moja baada ya nyingine alafu wanasimama mbele wanasema hii ndo logo yangu, hii ndo posta yangu, hii ndo tisheti. Walimu wanaangalia kimya. Alafu linakuja swali moja tu, "kwa nini umefanya hivi?", na hapo ndo mambo yanapoharibika.

Mi nimesimama mbele nikatathminiwa, na siku hizi saa ingine naitwa kukaa upande wa wanaotoa alama, na nilichokiona pande zote mbili ni kilekile. Kazi yako wanaiona kwa macho yao, huna haja ya kuwaambia kwamba ipo. Wanachokisubiri kutoka mdomoni mwako ni maamuzi, yaani uliamua nini, uliacha nini, na kwa sababu gani. Ukilishika hilo maandalizi mengine yote yanakuwa mepesi.

Kabla hujafungua programu yoyote tafuta ile karatasi ya vigezo vya alama, kama hujapewa iombe, ni haki yako kujua unapimwa kwa nini. Isome na kalamu mkononi. Angalia utafiti una alama ngapi, mchakato ngapi, kazi yenyewe ngapi, uwasilishaji ngapi, alafu gawanya dakika zako kwa uwiano huohuo. Kama umepewa dakika 10 na mchakato una asilimia 40, basi dakika 4 ni za mchakato, sio moja. Unakuta mtu katumia dakika 8 kuonyesha mokapu, yaani picha za mfano za kazi yake ikiwa kwenye vikombe na mabegi, utafiti kaupitia kwa sentensi mbili, alafu anashangaa alama zimeenda wapi.

Sasa chimbua skechi. Zote, hata zile mbaya, hata ile ya nyuma ya risiti. Piga picha daftari lako mchana karibu na dirisha, karatasi ikae bapa na simu iwe juu yake moja kwa moja ili kurasa zisipinde pembeni. Na naomba sana usizichore upya ili zionekane safi. Mwalimu aliyeshika penseli miaka mingi anaijua skechi iliyochorwa baada ya kazi kuisha, ule mstari hausiti mahali popote, hauna kufutwafutwa, mkono ulikuwa unajua tayari unakoenda. Skechi ya kweli inaonyesha mtu anatafuta, na kule kutafuta ndo kunakokupa alama.

Kuna mfano mmoja huwa nawapa wanafunzi wote. Mwaka 1986 Steve Jobs alimpa Paul Rand, yule aliyechora nembo ya IBM, kazi ya nembo ya kampuni yake mpya ya kompyuta, NeXT. Rand hakumpelekea machaguo kumi achague. Alimpelekea wazo moja, limewekwa ndani ya kijitabu cha kurasa kama 100, na kijitabu kinakutembeza taratibu, jina lenyewe linaonekanaje kwa herufi kubwa, kwa nini ile e ibaki ndogo peke yake, kwa nini mchemraba ulazwe kwa nyuzi 28 usikae wima. Ukimaliza hicho kijitabu unaona nembo isingeweza kuwa nyingine. Sikwambii utengeneze kurasa 100, ila huo mpangilio uchukue kama ulivyo, kwamba anayesikiliza anapitishwa kwenye sababu kwanza ndo anafika kwenye jibu.

Tuchukue mfano mdogo tuufanye kwa karibu. Tuseme mradi wako ni utambulisho wa maktaba ya watoto, yaani logo, rangi, fonti na vibao vyake. Slaidi ya kwanza baada ya jina lako iwe tatizo, kwa sentensi moja ambayo mtu yeyote anaielewa: "Mtoto wa miaka 5 akiingia maktaba hajui rafu ipi ni ya kwake mpaka mtu mzima amwonyeshe." Basi, inatosha. Linganisha na hii ambayo ndo naiona mara nyingi: "Nimetengeneza utambulisho wa kisasa, wa kipekee na wa kuvutia." Hii ya pili haina tatizo ndani yake, inaweza kukaa kwenye mradi wowote duniani, na hayo maneno kisasa, kipekee, kuvutia uyafute kwenye slaidi zako zote kabla hujaenda mbali.

Ukishakuwa na tatizo, kila uamuzi unarudi kwake. Umetumia maumbo badala ya maneno kwenye rafu kwa sababu mtoto wa miaka 5 bado hajasoma vizuri. Umechagua fonti ambayo a na g zake zimekaa kama mtoto anavyofundishwa kuziandika kwa mkono, sio zile zenye kofia na mkia wa kuzunguka mara mbili. Kila rafu umeipa rangi na umbo pamoja, sio rangi peke yake, kwa sababu wapo watoto wasiotofautisha nyekundu na kijani. Unaona hapo sijasema "nilipenda" hata mara moja. Kwenye kuandaa maelezo tumia sentensi hii kama kalibu: nilitaka hiki, nikajaribu hivi, ikashindikana kwa sababu hii, nikaamua hivi. Andika tatu au nne za hivyo, ndo mgongo wa prezentesheni yako.

Alafu tenga slaidi moja nzima kwa ajili ya kitu ulichokikataa. Watu wanaogopa hii sana wanadhani wataonekana dhaifu, ila ndo slaidi inayowafanya walimu wakae sawa kwenye viti. Weka ile logo ya kwanza uliyoipenda, pembeni yake weka hiyohiyo ikiwa imepunguzwa mpaka pikseli 16 kwa 16, waone wenyewe zile kurasa za kitabu ulichokichora kwenye logo zilivyogeuka kuwa doa jeusi. Useme hii niliiacha hapa. Sekunde ishirini tu, na umeshaonyesha kwamba unajua kupima kazi yako mwenyewe.

Kwenye slaidi zenyewe sitakaa sana ila kuna vitu vinaua watu. Tumia ukubwa wa 1920 kwa 1080 labda kama umeambiwa vingine, wazo moja kwa slaidi, maandishi yasishuke chini ya pointi 24, na mandharinyuma yatulie yasishindane na kazi. Mokapu mbili au tatu zinatosha kabisa, na ziwe za vitu ambavyo mradi unavihitaji kweli, maktaba inahitaji kibao cha rafu na kadi ya msomaji, haihitaji kofia. Picha na rangi za kwenye slaidi ziwe RGB, ule mfumo wa rangi za skrini, faili la CMYK, ule mfumo wa wino nne za kuprinti, ukilipachika kwenye slaidi rangi zinaweza kutoka tofauti kabisa na ulivyozoea kuziona.

Kuhusu kontrasti, yaani tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma, naomba nikae kidogo kwa sababu iliwahi kunigharimu. Prezentesheni yangu mwenyewe niliweka maelezo ya rangi kwa kijivu chepesi juu ya nyeupe, kwenye skrini ya laptopu ilikuwa nzuri mno, tulivu, nikajisifia. Siku yenyewe chumba kilikuwa na madirisha makubwa na mapazia hayafungi, projekta yenyewe ya zamani, ile slaidi ikatoka nyeupe tupu. Nikawa naelezea maandishi ambayo hakuna aliyekuwa anayaona, na ilikuwa ndo slaidi ya kutetea rangi zangu. Tangu siku hiyo sibahatishi. Kiwango cha WCAG kinachotumika kwenye tovuti kinataka kontrasti ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa, vikokotoo vya kupima hiyo vipo bure mtandaoni, na kwa projekta mi huwa napanda juu zaidi ya hapo kabisa. Ukiweza nenda kwenye chumba chenyewe siku moja kabla, chomeka laptopu, kaa kiti cha nyuma kabisa uangalie.

Kama kuna kazi za kuprinti, zipeleke mapema, siku mbili tatu kabla, kwa sababu rangi ya kwenye karatasi haitafanana na ya skrini na unahitaji nafasi ya kurudia. Picha ziwe dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, kwa ukubwa halisi utakaoprinti, rangi CMYK, acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata, na maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake, ukichanganya wino zote nne kwenye herufi ndogo sahani za kuchapia zikihama kidogo tu herufi zinakuwa na kivuli cha rangi pembeni. Prezentesheni inapofika kwenye hicho kitu, wape wakishike. Kadi ikiwa mkononi mwa mtu anaigeuza, anaigusa karatasi, anaiangalia tofauti kabisa na anavyoangalia picha ukutani.

Mazoezi sasa. Usikariri hotuba neno kwa neno, ukisahau neno moja unapotea mazima. Kwa kila slaidi andika maneno matatu kwenye kipande cha karatasi, alafu simama, sio kukaa kitandani na kusoma kimoyomoyo, simama uongee kwa sauti huku simu inarekodi. Mara ya kwanza utapitiliza muda, karibu kila mtu anapitiliza, na hapo usijifundishe kuongea haraka, toa slaidi. Kama umepewa dakika 10 lenga 9. Sentensi ya kwanza na ya mwisho tu ndo uzishike kichwani kabisa, ile ya kwanza inakuvusha kwenye woga na ya mwisho inakuzuia kumalizia na "basi, ni hayo tu".

Alafu mtafute mtu ambaye sio dizaina, ndugu, jirani, yeyote mwenye dakika kumi. Mpigie prezentesheni nzima, usimuulize kama ni nzuri maana atakwambia nzuri, muulize "tatizo nililokuwa natatua ni lipi?" Akilisema kwa maneno yake mwenyewe umefaulu, akianza kusema rangi zimependeza rudi kwenye slaidi ya kwanza uiandike upya.

Maswali ndo sehemu ninayoiona watu wanaiacha bila kuiandaa na inabeba uzito mkubwa sana. Kaa chini uandike maswali unayoyaogopa, sio yale unayoyatamani. Kwa nini fonti hii na sio ile nyingine inayofanana nayo? Umejuaje mlengwa wako anataka hivyo, uliongea na nani? Logo ikiwa nyeusi na nyeupe inabaki? Ungepewa wiki moja zaidi ungebadilisha nini? Sehemu gani ya kazi hii umeifanya mwenyewe? Hilo la mwisho siku hizi haliepukiki, kwahiyo kama umetumia ikoni za kupakua, picha za mtu mwingine, templeti au picha iliyotengenezwa na akili bandia, iseme kwenye slaidi kabla hujaulizwa, na uwe umesoma leseni za fonti zako, nyingine ni bure kwa matumizi binafsi tu na sio za biashara. Kilichofichwa kikigundulika, hata zile sehemu ulizozitolea jasho zinaanza kutiliwa shaka.

Ukiulizwa usikimbilie kujibu. Vuta pumzi, lirudie swali kwa ufupi, alafu jibu kwa kumrudisha muulizaji kwenye tatizo la mradi. "Niliona inapendeza" sio jibu, hata kama ndo ukweli wa siku ile, kaa utafute kwa nini ilikupendeza, mara nyingi kuna sababu chini yake. Na kama hujui, sema hicho sikukijaribu, ningekijaribu hivi. Walimu wanaliheshimu hilo kuliko maneno mengi ya kuzungukazunguka. Kinachosaidia sana ni kuweka slaidi za akiba baada ya ile ya mwisho, majaribio ya fonti, matoleo ya logo, majibu ya watu uliowahoji, mtu akiuliza unasema nina slaidi ya hiyo, unaifungua. Niamini, chumba kinabadilika.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe hifadhi kila kitu kama PDF yenye fonti zimepachikwa ndani, usitegemee faili la PowerPoint peke yake, maana ukifungulia kwenye kompyuta ya chumba ambayo haina fonti yako inabadilishiwa nyingine na mistari yote inaruka, na hakuna aibu kama dizaina kusimama mbele ya typografia iliyovunjika. Nakala moja kwenye flashi, moja kwenye imeili yako, moja kwenye simu. Video ziweke pia kama mafaili ya pembeni. Asubuhi fika mapema, zima notifikesheni, fungua slaidi yenye rangi muhimu uone zinatokaje, na simama upande usiozuia mwanga wa projekta.

Mwombe rafiki mmoja akae humo ndani na daftari aandike kila watakachosema walimu, wewe mwenyewe kichwa kitakuwa kimejaa hutakumbuka hata nusu. Jioni hiyohiyo kaeni nayo, weka alama kwenye vile walivyovisema wawili au zaidi, na hivyo ndo urekebishe kabla kazi haijaingia kwenye pofolio.